Kichupa cha Mbwa Kumi

Watu husema mbwa ni mlinzi wa bure. Bure! Aliyeanzisha maneno hayo sidhani kama aliwahi kufuga hata kuku. Mama Barafu aliwahi kuyaamini, na aliyalipia. Mbwa wake wa kwanza alijaa kupe, naye akawa anawabandua kwa vidole jioni huku akipiga soga mlangoni, akijiambia kwamba dawa ya kupe ni anasa ya wenye nazo. Mbwa alipoanza kukojoa mkojo mwekundu ndipo mama wa watu akahangaika: sindano, dripu, vidonge, sindano tena. Akiba ya kupaka nyumba rangi iliishia kwenye mshipa wa mbwa, na mbwa mwenyewe akafa siku ya tisa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema. Yeye aliujenga, na ukuta ukamwangukia.

Tangu hapo akawa mtu mwingine. Mbwa wa pili alimwita Karani, maana alikuwa na tabia ya kumkagua kila mgeni kuanzia viatu mpaka kofia kabla hajampisha getini. Karani aliogeshwa dawa ya kupe kila wiki mbili, apende asipende. Alipewa dawa ya minyoo iliyofichwa ndani ya kipande cha nyama, akachunguzwa masikio kama mtoto anayepelekwa shule. Wala Mama Barafu hakuishia kwa mbwa wake. Ukienda dirishani kwake kununua barafu, hupati chenji mpaka umeeleza mbwa wako amechanjwa lini. Mtaa ukampachika cheo: Waziri wa Mbwa.

"Wewe ukigombea," alisema Mwalimu, mzee mstaafu wa nyumba ya kona ambaye Mungu alimnyima kipaji cha kunyamaza, "mbwa wote watakupigia kura."

"Na wewe utampigia nani?"

"Mimi nitasimamia uchaguzi. Wewe si wa kuaminiwa na masanduku."

Ni yeye Mama Barafu aliyegundua habari ya kichupa. Kichupa kimoja cha chanjo ya kichaa cha mbwa kinatosha mbwa kumi, na kikishafunguliwa hakilali, kinachobaki kinamwagwa. Mwenye mbwa mmoja akimwita daktari nyumbani analipia safari nzima, na watu wengi walipopiga hesabu hiyo walikuwa wanaona heri wamwachie Mungu. Basi akagonga mlango mmoja baada ya mwingine mpaka akapata mbwa kumi, Karani akiwemo, kila mwenye mbwa achangie sehemu ya kumi tu. Bwana Mifugo, daktari kijana mwenye pikipiki, akakubali kuja Jumamosi asubuhi na mapema, ila kichupa kinunuliwe Ijumaa, kwa kuwa saa hiyo duka la dawa linakuwa bado halijafunguliwa.

"Ukikichukua kikae kwenye baridi, mama," alimwambia kwenye simu.

Sasa hapo sikiliza vizuri. Biashara ya Mama Barafu ni baridi. Ana friza kubwa jeupe sebuleni, anagandisha barafu za vifuko, za maji na za juisi, watoto wanapanga foleni dirishani kuanzia saa sita mchana. Miaka kumi na mitano adui yake amekuwa mmoja tu, joto. Kwa akili yake, kitu kikiwa baridi kimepona, na kikiwa baridi zaidi kimepona zaidi. Alikichukua kichupa, akakifunga kwenye mfuko, akakizika chini kabisa ya friza, mahali ambapo hata samaki hugeuka jiwe. Asubuhi alikikuta kimeganda, wala hakushtuka. Alikifumbata viganjani, akakipulizia, akakitia kwapani, kikayeyuka kabla Bwana Mifugo hajazima pikipiki yake.

"Kilikaa baridi, mama?"

"Baridi? Mwanangu, unaniuliza mimi habari za baridi?"

Watu wote wakacheka. Bwana Mifugo naye akacheka, akakitikisa kichupa, akavuta dozi ya kwanza. Mbwa kumi walidungwa mbele ya duka la Kinyozi, kila mmoja na kadi yake. Kidoti, binti wa Kinyozi mwenye miaka sita, alimshika kichwa mbwa wao aliyeitwa Wembe, akamwambia ajikaze, mwanaume halii.

Miezi miwili ikapita. Jumanne moja, saa mbili asubuhi, mbwa asiyejulikana akatokea upande wa gereji. Alikuwa anayumba, mate yanamning'inia mdomoni, ukimpigia kelele hageuki. Wembe alikuwa amelala mlangoni pa duka. Yule mbwa alimrukia usoni bila hata kubweka. Karani akaruka ukuta wa kwao kumsaidia mwenzake, akang'atwa mguu wa nyuma. Monita, mbwa wa Mwalimu, naye alikuwepo, ila alikumbuka ghafla kuwa ana shughuli uvunguni mwa kitanda. Walinzi wa gereji wakaja na vyuma vyao, wakammaliza yule mgeni palepale.

Kinyozi alipiga simu kwa Bwana Mifugo, akaiweka kwenye spika ili wote wasikie.

"Kama wamechanjwa msiwe na hofu," sauti ilisema. "Nitakuja kesho niwapige sindano ya kuongeza nguvu. Ila osheni majeraha kwa sabuni na maji mengi, na mtu asiguse mate ya yule mbwa, na kama kuna mtu ana kidonda..."

Watu walisikia ile sentensi ya kwanza tu. Kelele za furaha zikafunika zilizobaki. Mwalimu alivua kofia yake mbele ya kadamnasi. "Mama Barafu, nimekutania sana, lakini leo nakuvulia kofia." Kinyozi alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kidoti alikuwa ameshamkumbatia Wembe, anamfuta uso kwa pindo la gauni lake.

Mama Barafu alimwosha Karani mguu kwa mikono mitupu, mikono yenyewe imepasukapasuka kwa sababu ya barafu, kisha akaondoka kwenda duka la dawa za mifugo kutafuta dawa ya kidonda. Alitembea kifua mbele. Na kwa nini asitembee hivyo? Mtu hasifiwi kila siku.

Dukani alimkuta dada muuzaji akimfungia mteja mmoja chanjo za kuku. Aliweka barafu kwenye chupa ya chai, halafu akakizungushia kichupa gazeti, mara moja, mara mbili, mara tatu, ndipo akakitumbukiza.

"Mbona unakivisha koti?" Mama Barafu akatania. "Si unakizuia kisipate baridi?"

"Nazuia kisiguse barafu, mama. Chanjo inataka baridi ya friji. Kuna za kuvumilia, lakini nyingi zikiganda zimekufa."

"Zimekufa vipi?"

"Zimekufa. Za kutupa."

 Mama Barafu alishika ukingo wa meza. "Hivi, kwa mfano," akasema, "tuseme kuna mtu, simjui vizuri, alikuwa na ile ya kichaa cha mbwa. Ikaganda usiku mmoja tu. Halafu ikayeyuka vizuri kabisa, ikarudi ilivyokuwa."

Dada alimtazama. "Huyo mtu aliwadunga mbwa?"

"Kwa mfano."

"Hiyo ndiyo kabisa haitakiwi kuganda. Basi kwa mfano, mama, amewadunga maji ya bomba."

Alilipia dawa ya kidonda akasahau kuichukua, ikabidi aitwe. Njiani alihesabu. Mbwa kumi! Alijaribu kujifariji kwamba yule dada ni muuza duka tu, anajuaje? Kesho Bwana Mifugo anakuja na sindano nyingine, itafunika mambo. Lakini moyo ukamwambia: utaongezaje nguvu mahali ambapo haikuwepo? Akasema, nitaeleza nikifika tu. Akafika kwa Kinyozi, akasimama.

Kidoti alikuwa amekaa chini, kichwa cha Wembe kiko mapajani mwake. Kiwiko cha mtoto kilikuwa na mchubuko mbichi.

"Umefanya nini hapo?" Mama Barafu akauliza, roho juu.

"Nilianguka asubuhi, bibi, wakati tunakwenda dukani."

"Njoo huku. Muache mbwa, anaumwa."

"Ndiyo maana simuachi."

"Mwache tu, mama," Kinyozi alisema kutoka ndani, mashine ikinguruma kwenye kisogo cha mteja. "Mbwa kachanjwa huyo! Leo kila aliyekaa kwenye kiti hiki nimemsimulia habari zako. Mwulize huyu."

"Kweli, mama," mteja akasema. "Tungekuwa na watu watano kama wewe, mji ungekuwa mwingine."

Mama Barafu alifungua mdomo.  Akasema, "Haya, jioni njema," na ilikuwa saa saba mchana.

Tusimwonee. Wewe na mimi tungefanya nini? Akisema, Wembe anauawa, maana mbwa aliyeng'atwa bila chanjo haachwi hai. Akisema, Karani naye anauawa. Akisema, watu tisa watajua kwamba Waziri wao aliwakusanyia fedha akawanunulia maji, na ulimi wa Mwalimu utamfuata mpaka kaburini. Lakini hayo yote, ukiyapepeta, yanabaki aibu. Aliona aibu tu. Alifunga dirisha, akawaambia watoto wa foleni kwamba umeme unasumbua, akakaa sakafuni kando ya Karani akimtazama. Kila mbwa alipomeza mate, na yeye alimeza. Alipopiga chafya, moyo ukampasuka. Alisogeza bakuli la maji, akangoja aone kama atakunywa, maana mbwa mwenye kichaa hushindwa kumeza. Akanywa. Baada ya nusu saa akalisogeza tena. Usingizi hakuuona. Kila alipofumba macho kilimjia kiwiko cha yule mtoto.

Bwana Mifugo alifika saa nne asubuhi. Mama Barafu alikuwa amesimama mbele ya duka la Kinyozi tangu saa kumi na mbili, kanga mabegani, hajanywa hata chai. Mwalimu alishakuja na kiti chake kabisa, kama mtu aliyekuja kuangalia mpira. Kinyozi alikuwa na mteja. Bwana Mifugo alifungua sanduku lake, akasoma kadi.

"Wembe. Amechanjwa miezi miwili iliyopita, safi kabisa. Tunaanza na wewe, mzee." Akapiga goti. Kidoti akamshika mbwa kichwa, kama siku ile.

"Ngoja," Mama Barafu alisema.

Sauti ilitoka ndogo mno, hakuna aliyeisikia. Akapiga moyo konde.

"Ngoja! Kile kichupa kiliganda."

"Kichupa gani, mama?"

"Cha wale kumi. Nilikiweka kwenye friza kikawa jiwe. Nikakiyeyusha kwapani, nikakuletea. Mbwa hawa hawana chanjo. Mtoe mtoto hapo, jamani, mtoe mtoto."

Bwana Mifugo alimnyanyua Kidoti kwa mkono mmoja akamweka mbali. Kisha akaifunika sindano aliyokuwa ameshika, taratibu sana. "Umejua lini?"

"Jana."

"Jana saa ngapi?"

"Mchana. Dukani."

Mashine ya Kinyozi ilizimika. Alitoka nje na kitambaa cha kunyolea begani, mteja akabaki kitini na nusu ya kichwa.

"Jana mchana," Kinyozi akasema. "Ulipotoka dukani ulisimama hapa."

"Ndiyo."

"Nikakuambia mbwa kachanjwa."

"Ndiyo, mwanangu."

"Usiniite mwanangu. Jana usiku mtoto kalala naye. Nilimruhusu mimi, kwa mdomo wangu, alale naye kwa sababu anaumwa. Ungesema jana!"

 Mwalimu akadakia. "Kumbe Waziri wetu ametuchanja maji!" alisema, akaangalia huku na huku. Hakuna aliyecheka, naye akainamisha kichwa akachezea kofia.

"Na mimi nina kosa," Bwana Mifugo alisema. "Siku ile nilicheka, sikuuliza. Kazi yangu ni kuuliza." Aliinama akakitazama kiwiko cha Kidoti, akaligeuza pindo la gauni lake lililokauka. "Mate ya yule mbwa yalikuwa kwenye manyoya, na ngozi hii imechubuka. Kioshwe kwa sabuni dakika kumi na tano, halafu hospitali. Sasa hivi, siyo mchana. Bado hatujachelewa, kaka, nakuambia ukweli, sindano hizi zikianza mapema zinazuia. Na wewe mama, nionyeshe mikono." Akaiona ile mipasuko. "Na wewe pia."

Kinyozi alimbeba mtoto mgongoni, mtoto mkubwa vile, akaondoka mbio bila kufunga duka.

Habari za mbwa zilikuwa fupi na mbaya. Wembe aling'atwa usoni, karibu na ubongo, na chumba cha Kinyozi ni kimoja, hakuna pa kumtenga. Bwana Mifugo alingoja mpaka Kinyozi aliporudi kutoka hospitali, akamwambia faraghani, na Kinyozi akaitikia kwa kichwa. Wembe akalazwa kwa sindano ya mwisho mchana ule nyuma ya gereji, asirudi. Karani aling'atwa mguu, na Mama Barafu ana uwanja wenye ukuta. Huyo aliruhusiwa kuishi, kwa masharti: stoo ya matofali, kufuli mbili, miezi sita, achanjwe upya, asiguswe na mtu yeyote, chakula kisukumwe kwa fimbo chini ya mlango. Watoto wasikanyage uwanjani, kwa hiyo dirisha la barafu likafungwa. Monita na mbwa wengine saba walichanjwa upya, kwa kichupa alichokileta Bwana Mifugo mwenyewe, na fedha yake alitoa Mama Barafu. Hakuna aliyemwambia asante, wala hakuitegemea.

Sindano ya pili ilikuwa siku ya tatu. Hospitali, yeye na Kidoti walipangwa saa ileile na benchi lilelile. Mama Barafu alifika akamkuta Kinyozi na Kidoti wameshakaa. Akasalimia. Kinyozi alitazama tangazo lililobandikwa ukutani. Mtoto ndiye aliyeitikia, tena akamwamkia, "Shikamoo, bibi," akasogea kumpisha akae kati ya ukuta na yeye.

Walikaa. Mahali pale palinuka dawa ya kufutia sakafu. Mama Barafu alikuwa anawaza Karani kama amekunywa maji asubuhi ile, maana alipochungulia chini ya mlango bakuli alilikuta limejaa, na hakujua kama limejaa kwa sababu hakunywa au kwa sababu alilijaza mno jana. Mambo hayo ndiyo yaliyomla siku hizo. 

"Bibi," Kidoti alisema. "Wembe anarudi lini?"

Kinyozi akakohoa. Mama Barafu akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile yule baba alimtazama usoni. Macho yake hayakuwa na hasira. Yalikuwa yanamwomba.

"Baba kasema amepelekwa kutibiwa," mtoto akaendelea. "Kwa Bwana Mifugo. Wewe unamjua Bwana Mifugo, umwulize."

Ilikuwa rahisi sana kusema, nitamwuliza. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Mama Barafu alilionja, akaikumbuka ladha yake.

"Wembe harudi, mjukuu wangu. Amekufa."

"Mama!" Kinyozi alisema.

"Amekufa tangu juzi. Yule mbwa mgonjwa alimng'ata, na dawa iliyotakiwa kumlinda ilikuwa imeharibika. Niliiharibu mimi. Sikukusudia, lakini ni mimi. Halafu nilipojua sikusema siku hiyohiyo."

 Mdomo wa Kidoti ulianza kucheza. "Na Karani?"

"Karani yupo. Nimemfungia."

"Yupo?"

"Yupo."

Mtoto alishuka kwenye benchi. Hakulia kwa sauti. Alikwenda akasimama katikati ya magoti ya baba yake, akaficha uso kwenye shati lake, na mgongo wake mdogo ukawa unapanda na kushuka. Kinyozi alimwekea mkono kichwani. Hakumtazama tena Mama Barafu, na Mama Barafu hakujua kama amefanya jema au ameongeza lingine juu ya lile.

Nesi akatokea mlangoni na karatasi mkononi. "Wa kuumwa na mbwa. Nani anaanza?"

Kidoti aliusukuma uso wake ndani zaidi ya shati.

"Naanza mimi," Mama Barafu alisema. Akaingia, akaketi kwenye kiti cha chuma, akapandisha mkono wa gauni. Nesi alipokuwa anampaka spiriti, mlango ulisukumwa. Kidoti alisimama pale, uso umelowa, kamasi mpaka mdomoni, baba yake nyuma yake. Aliingia mpaka karibu kabisa, karibu kuliko nesi alivyopenda, akaikazia macho sindano ilivyoingia na ilivyotoka.

"Inauma?" akauliza.

Mama Barafu alifikiri. "Inauma," akasema. "Inauma sana."

"Vizuri," alisema Kidoti.